Matheran Mwezi wa Saba: Namna ya Kupanda Mlimani Mvua Ikiwa Inanyesha

Bibi yangu pale Tanga alikuwa akifungua dirisha la upande wa bahari mwezi wa sita, anausikiliza upepo kidogo, kisha anasema, "Kusi limeshika." Siku hiyo nguo zilikauka upesi kambani, na wavuvi wenye ngalawa hawakwenda mbali. Kwangu mimi Kusi lilikuwa jambo la kwetu, la pwani, na halikuwa na mwendelezo. Nilipokwenda Pune kusomea ufamasia ndipo nilipoelewa kwamba upepo ule hauishii kwetu. Ukishavuka ikweta karibu na pwani ya Kenya na Somalia, unapinda kuelekea kaskazini mashariki, unakatiza Bahari ya Arabu huku ukinywa maji njia nzima, mpaka unagonga ukuta wa milima ya Sahyadri nyuma ya Mumbai. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, na maji yote unayaachia. Mvua wanayoingoja Wahindi kila mwaka kwa dua na hofu ni Kusi letu lililobeba mzigo. Hata neno monsuni asili yake ni mawsim ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi msimu.

Kwa hiyo mtu akiniambia anakwenda Mumbai au Pune mwezi wa saba, kwa masomo au kumsindikiza mgonjwa, na kwamba siku za mapumziko atazimalizia chumbani kwa sababu ya mvua, namsihi asifanye hivyo. Apande mlimani, na mlima ninaompa ni Matheran. Nimeishi Pune miaka minne na kila msimu wa mvua nilipanda, na baadaye nilirudi na mama yangu alipomaliza matibabu yake Mumbai. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia yeye kabla ya safari, pamoja na niliyojifunza kwa kukosea.

Kwanza, kwa nini Matheran, wakati kila mtu atakuelekeza Lonavala? Lonavala iko kwenye njia kuu ya Mumbai na Pune, treni ni nyingi, na ni pazuri kweli. Lakini Jumapili ya mwezi wa saba barabara zake hujaa magari mpaka unasikia honi kuliko maporomoko. Matheran magari hayaruhusiwi kuingia mjini. Unaliacha gari mlangoni, mahali panapoitwa Dasturi, na kuanzia hapo ni miguu, farasi, treni ndogo, na siku hizi rikshoo chache za umeme. Tangu 2003 serikali ya India imelitambua eneo hilo kuwa nyeti kimazingira. Faida yake kwako ni moja kubwa: unaisikia mvua. Unaisikia ikija kutoka mbali juu ya majani kabla haijakufikia, kama watu wengi wanaokimbia pekupeku.

Jina lenyewe kwa Kimarathi ni kama kusema msitu ulio kichwani. Mlima una mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, juu ni tambarare, msitu umeifunika tambarare yote, na pembeni kote magenge yamekatika wima. Mwingereza Hugh Malet, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Thane, aliuvumisha mwaka 1850, na Waingereza wa Bombay wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la mwezi wa nne na wa tano. Mvua zikianza wao walishuka. Mpaka leo baadhi ya hoteli hufunga msimu wa mvua, na zilizobaki hupunguza bei sana siku za katikati ya wiki. Panda Jumatatu, ushuke Jumatano au Alhamisi.

Kuhusu tarehe: mvua hufika Mumbai karibu na tarehe 11 mwezi wa sita, na huondoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Mwezi wa saba ndio mzito kuliko yote. Mtu mwenye afya na magoti mazuri aende mwezi wa saba, asiogope. Mgonjwa anayepata nafuu, mzee, au mwenye mtoto mchanga angoje mwisho wa mwezi wa nane au wa tisa, wakati mvua inanyesha kwa vipindi na jua linachungulia. Mama nilimpeleka mwezi wa tisa, na sikujuta.

Kufika

Ukitoka Mumbai, panda treni ya mjini kutoka CSMT (stesheni kuu ya jiji), Dadar au Thane. Ubao wa mbele uwe umeandikwa Karjat au Khopoli. Treni nyingine zinaishia njiani. Shuka Neral, safari ya saa mbili hivi ukianzia CSMT. Nauli ya daraja la pili haifiki rupia 50. Ondoka asubuhi, kwa sababu saa hizo umati unaelekea mjini na wewe unatoka. Wanawake, tafuteni behewa la wanawake. Lina nafasi zaidi na kina mama watakuambia ushuke wapi kabla hujauliza.

Ukitoka Pune, shuka Karjat ubadilishe treni; Neral ni mwendo mfupi kutoka hapo. Usiikimbilie treni ya pili mara moja. Pale Karjat nunua vada pav. Vada ni kachori kama zile za kwetu Tanga, kiazi kilichopondwa na kuvikwa unga wa dengu, sasa imetiwa ndani ya mkate mdogo pamoja na chatini kavu ya kitunguu saumu. Treni zinazopanda kwenda Pune husimama Karjat ziongezewe injini za kusukuma kutoka nyuma, kwa kuwa mlima ulio mbele ni mkali, na wauzaji hutumia dakika hizo hizo kupita madirishani.

Neral hadi Dasturi, mvua ikiwa imeshika, utapanda teksi ya kuchangia. Ni kilomita kumi hivi za kona kali, na maporomoko madogo hutiririka ubavuni mwa barabara. Treni ndogo ya mlimani, reli zake zikiwa na upana wa futi mbili tu, ilianza kazi 1907. Iliyoijenga ni familia ya Adamjee Peerbhoy, Mabohora wa Bombay, jamaa wa madhehebu ile ile unayoijua Unguja na Mombasa. Mtoto, Abdul Hussein, ndiye aliyesimamia kazi. Lakini usipange safari yako juu ya treni hiyo kutoka Neral: sehemu ya chini hufungwa msimu wa mvua kwa kuogopa maporomoko ya udongo. Mafuriko ya Julai 2005 yaliisomba reli hiyo vibaya, na haikufunguliwa tena mpaka 2007. Kinachoendelea kufanya kazi wakati wa mvua ni kipande cha juu, kutoka stesheni ya Aman Lodge hadi Matheran mjini.

Hapo Dasturi, ukishalipa ada ya kuingia, watakujia wenye farasi. Wengine watakuambia treni leo haipo. Wasalimie vizuri, kisha nenda mwenyewe kwa miguu hadi dirisha la tiketi la Aman Lodge, dakika chache tu, ukaulize. Kama treni ipo, panda. Kama haipo na una nguvu, tembea: fuata njia kando ya reli, chini ya miti, dakika 40 au zaidi kidogo mpaka sokoni. Mimi huwa natembea. Harufu ya udongo mwekundu uliolowa, mwekundu kama wa Muheza, ndiyo inayoniambia nimefika.

Hati, na pesa

Hapa ndipo nilipoumia. Mara yangu ya kwanza nilipanda na kitambulisho cha chuo peke yake. Pasipoti niliiacha bwenini Pune ili isilowe. Nyumba ya wageni ya kwanza ilinikataa, na ya pili ikanikataa. Mwenye ile ya pili alikuwa mzee mpole, akanieleza taratibu kwamba kila mgeni kutoka nje ya India ni lazima asajiliwe serikalini kwa Fomu C, kwa pasipoti na viza, na bila hivyo yeye ndiye atakayeadhibiwa. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza limeingia mapema kwa ukungu. Nilirudi Dasturi kwa miguu huku nikilia, nikashuka Neral, nikakaa stesheni mpaka treni ilipokuja.

Kwa hiyo: beba pasipoti halisi yenye viza, na mwanafunzi abebe na kibali chake cha ukaazi. Toa nakala mbili za kila kimoja. Zitie kwenye mfuko wa kufunga kwa zipu, halafu mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, kifuani na si mgongoni. Kabla ya kulipia chumba mtandaoni, piga simu uulize swali moja tu: mnapokea wageni wa kigeni? Nyumba ndogo nyingi hazipokei, na mtandao haukuambii.

Pesa taslimu ni muhimu kwa mgeni. Wenyeji hulipa kila kitu kwa kuskani kwa simu, hata chai ya rupia 20, na wewe huenda huna akaunti ya benki ya kule. Beba noti ndogo ndogo. Usitegemee mashine ya kutolea pesa mlimani siku ambayo umeme umekatika, na umeme hukatika.

Mwilini na mkobani

Mwavuli uache. Upepo wa kingoni huugeuza nje ndani kwa pigo moja. Nunua koti la mvua refu huko huko India, ni bei nafuu. Jinzi usivae, ikilowa inakuwa nzito, na haikauki siku tatu. Vaa nguo nyepesi za kukauka haraka, na beba kanga mbili. Kanga ni taulo, ni shuka kavu ya kujifunika usiku, ni kitu cha kukalia kwenye benchi lililolowa, na ukiikamua ukaitandika juu ya kiti chini ya feni, asubuhi unaivaa. Katika vitu vyote nilivyopanda navyo, hakuna kilichonifaa kama kanga.

Viatu ndivyo vinavyoamua kama utafurahi. Mawe ya njiani huota kijani cha utelezi, na yeboyebo zitakuangusha. Tafuta viatu vya mpira vyenye soli ya meno, visivyo na ngozi. Makubadhi ya Matheran yanasifika, mafundi wanakaa sokoni wakishona, na nakushauri ununue. Lakini yafunge kwenye gazeti ukayavae nyumbani, kwani ngozi ikilowa kule huota kuvu kwa usiku mmoja.

Sasa niseme kama mfamasia. Vidonge viache kwenye karatasi zake za kiwandani. Ukivihamishia kwenye vikasha vya siku saba, unyevu ule utavilainisha. Mwenye pumu apande na dawa yake ya kuvuta, na akiingia chumbani anuse kwanza: chumba chenye harufu ya kuvu abadilishiwe kabla hajafungua begi. Kidonda cha mguuni kifunge vizuri, na kule chini Mumbai usikanyage maji ya mafuriko, maana yana mkojo wa panya, na ndio unaoleta leptospirosi. Ukishayakanyaga na baada ya siku kadhaa ukapata homa na maumivu makali ya misuli ya miguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukawaambie ulipita kwenye maji. Pakiti za ORS, zile za kuchanganya na maji mtu akiharisha, ziwepo. Maji kunywa ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na pani puri, vitafunio vya mitaani, tamu kama zilivyo, ziache mpaka kiangazi, kwa sababu ndani yake kuna maji usiyoyajua.

Siku yenyewe

Wageni wengi hupanda Matheran kuhesabu vituo vya kutazamia, Echo, Panorama, Louisa, Charlotte na vingine vingi, wakifika wanakuta ukungu mweupe, wanarudi wamenuna. Msimu wa mvua haufai kwa kuhesabu. Chagua kituo kimoja kwa siku, ukikaribie, ukae hapo saa nzima.

Mimi chaguo langu ni Louisa. Nenda asubuhi baada ya chai. Njia inapita chini ya miti mikubwa, matone yanadondoka hata mvua ikiwa imesimama, na kaa wadogo wanavuka njia mbele ya miguu yako. Msitu unapokwisha, upepo unakupokea ghafla. Mara ya kwanza niliposimama pale sikuona kitu ila weupe, kama nimesimama mbele ya shuka iliyoanikwa. Kisha nikahisi matone yananipiga chini ya kidevu. Nikafuta, yakarudi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mvua ilikuwa inatoka chini inakwenda juu: upepo umegonga genge, hauna pa kupita, umepanda ukutani ukiyabeba maji. Nikainua uso na kuuacha ulowe. Huo ulikuwa ndio upepo wa dirisha la bibi, na mzigo wake wote.

Halafu ukungu ukafunguka. Nilikuwa nauona mlima wa Prabalgad upande wa pili wa bonde, wote wa kijani, na juu yake michirizi myeupe ya maporomoko ambayo sikuweza kuihesabu. Ulikaa wazi kwa muda wa kusoma Kulhuwallahu mara tatu, kisha ukafunga. Ndiyo maana nasema kaa saa nzima. Anayekaa dakika tano huondoka bila kuona chochote.

Njiani utakuta vibanda vya chai. Mwenye kibanda akiwa mtu mzima muite "kaka". Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo au mkubwa, ni neno la heshima, na yeye atafurahi kulisikia kwa mgeni. Na usishangae kijana wa kiume akiitwa "dada". Kwao ndiye kaka mkubwa. Agiza chai ya tangawizi na bajia za vitunguu zikitoka kwenye mafuta, na mahindi ya kuchoma. Mahindi yanachomwa juu ya mkaa, yanasuguliwa kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili, vile vile kama kwetu, na mama alipoliona hilo alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza muuzaji kwa Kiswahili bei gani, naye akanyoosha vidole. Kashata za karanga, wenyewe wanaziita chikki, nunua siku ya kushuka. Ukiwa na chakula mkononi kima watakufuata. Weka mkobani, usiwalishe, usicheke ukionyesha meno.

Mchana lala. Jioni kaa barazani. Watu watataka kupiga picha nawe, familia nzima, watoto mbele. Mimi hukubali nikiwa sijachoka, na nikichoka naweka mkono kifuani nasema hapana kwa upole, nao huelewa.

Ya kuogopa kweli

Mvua yenyewe usiiogope. Ogopa ukingo, maji yanayotembea, na udongo uliojaa maji. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, watu watano wa familia moja walisombwa kwenye maporomoko nyuma ya bwawa la Bhushi, Lonavala. Walikuwa wamesimama mahali ambapo maji yalikuwa ya kucheza tu, mvua iliyonyesha juu ikayajaza kwa muda mfupi. Usisimame katikati ya mkondo hata kama wenyeji wamejaa, na hata kama maji yanafika kifundo cha mguu tu. Ziwa la Charlotte ni maji ya mji, utazame, usiingie.

Usiku wa tarehe 19 Julai 2023, kijiji cha Irshalwadi, katika wilaya ya Raigad, ile ile yenye Matheran, kilifunikwa na udongo watu wakiwa wamelala. Nikipita njia ile huwaombea. Kwa hiyo kabla ya kupanda, tazama tangazo la idara ya hali ya hewa ya India. Wanatumia rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Njano panda. Chungwa, mwombe mwenye hoteli akueleze hali ya barabara, umsikilize. Nyekundu, kaa ulipo, hata kama umelipia chumba. Pesa hiyo iache iende. Na kwenye vituo vya kutazamia usivuke kizuizi kwa ajili ya picha, kwani jiwe jekundu la kingoni huliwa na maji kwa chini na huwezi kuliona.

Siku ya kushuka, usipange ndege ya usiku huo huo. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa baharini, reli za Mumbai kati ya Kurla na Sion hufurika na treni husimama. Shuka asubuhi, lala mjini usiku mmoja, ndege iwe kesho yake. Ukifika chumbani jaza viatu vyako magazeti, badilisha magazeti kabla ya kulala, na tena alfajiri, ndipo uvifunge begini.